Samli ya Habibo

Maji ya karai yaligeuka zambarau, na Kabale akajua alichokifanya.

Ilikuwa asubuhi ya Idd, mwaka wa themanini na nne, ukame umekula mifugo. Mjukuu wake Habibo, mtoto wa miaka saba, alikaa karaini, kichwa kitupu kama yai la mbuni. Nywele ziliondoka na dawa ya mshipani. Wiki tatu alikuwa akilazwa chini ya mashine ya miale kule Nairobi, na daktari alimchora mistari kichwani, ili miale ichome uvimbe wa ubongo na kuacha palipo pazima. Alipowaruhusu kuja Isiolo kwa sikukuu, alimwonya Kabale jambo moja: mistari isifutike.

Lakini mtoto haendi Idd bila kuoga na kupakwa samli utosini. Kabale alilelewa hivyo, na mkono uliozoea hauulizi. Samli yenyewe ilitoka Garbatulla ndani ya kibuyu, imekusanywa tone kwa tone, ng'ombe wakiwa mifupa.

Kabale hakulia. Alimkausha mtoto polepole, wakaenda kuswali. Kila aliyempa mkono wa Idd alimwitikia, huku moyo ukimwambia: umemfungulia fisi zizi. Jirani yake Hawo alimshauri wachore upya kwa wino wa madrasa, nani atajua? Kabale akakataa. Aibu ilikuwa yake, asingemtwika mtoto.

Jumatatu asubuhi, kule Nairobi, alisimama mbele ya daktari.

"Nimeifuta, daktari. Kwa mikono hii."

Daktari akatoa faili lenye vipimo. Akaeleza kwamba wangepima na kuchora upya. Siku moja ya tiba ingepotea, si zaidi.

"Kuna wanaochora wenyewe, mama, wakanyamaza," alisema. "Hao ndio hunitisha."

Habibo, amelala kitandani, akamwambia daktari kuwa Akko wake, ndivyo alivyomwita bibi yake, akiachwa zizini atafuta hata alama za ng'ombe wa watu. Kabale alicheka, mara ya kwanza tangu Idd. Akasema Alhamdulillahi.

"Sasa samli utanipaka wapi, Akko?"

Kabale alifungua kibuyu, akaishika miguu ya mtoto.

"Kichwa tumemwachia daktari. Hii bado yangu."

Kalamu ya daktari ikaanza safari yake juu kichwani, vidole vya Kabale vikaanza chini nyayoni. Habibo akatekenyeka.

"Usicheke," daktari alisema, "mstari utapinda."

Kabale akapunguza mkono, akapaka taratibu, hadi kicheko kikabaki kwenye vidole vya miguu tu.