Mkono Unaotazama Juu

...tayari, nasema, na mume wangu Verlyn anajibu piga, nami nakaza mdomo wa bunduki ya upepo ya kugongea ribiti kwenye kichwa cha ribiti, kidole kwenye triga, kompresa imeshajaa upepo na kunyamaza, ribiti mbili tu zimebaki na bawa hili dogo la mkia wa ndege litafungwa, la pili hili, la kulia, lile la kushoto linaning'inia ukutani juu ya friza ya nyama ya kulungu, linang'aa, hakuna ribiti iliyolala upande, wala sioni haya kujisifu, mikono yangu naijua, imefufua nusu ya matrekta ya wilaya yetu ya Waupaca... "Corliss, samaki wataisha," anasema jirani yetu Delbert, ameegemea mlango wa gereji na theluji kwenye kofia, kila Ijumaa anatupitia twende baa tukale samaki wa kukaanga, na hawezi kupita bila kuchokoza, "ndege yenu imeota mkia, mwili je, mtaazima kwa kuku?" na mume wangu anacheka mpaka bati linatikisika, acha wacheke, Delbert ana mashua ghalani aliyoianza wanawe hawajaota meno, sasa wana vipara, mimi nikianza namaliza, na mkia ndio mwanzo, kila anayejenga ndege nyumbani ananunua vifaa vya mkia peke yake kwanza, ukikushinda hujapoteza mengi, usipokushinda unaagiza mabawa, na Jumatatu naagiza mabawa, nimeshasema, kwa sababu daktari wa macho naye alishasema, kwa ile sauti yake laini niliyotaka kuizaba kibao, kwamba Verlyn ataanza kupoteza sehemu ya katikati ya anachokiona, uso wa mtu, maandishi, kisha kingo tu ndizo zitabaki, labda miaka miwili, labda mitatu, Mungu ndiye ajuaye, nami pale pale kwenye kiti cha plastiki niliapa kimoyomoyo kwamba ndege hii ataiona, imesimama kwenye nyasi, nyekundu kama alivyotaka, ndiyo maana napiga ribiti kabla ya kahawa na baada ya chakula, ndiyo maana kanisani natoka kabla ya wimbo wa mwisho...

"Umelala huko?" anauliza Verlyn, mkono wake umezama ndani ya bati hadi kiwiko, ameshikilia chuma nyuma ya ribiti, kikinge pigo langu, kwa kupapasa tu, sijalala mzee, natazama, sijui kwa nini nalitazama lile la ukutani, ule mkono wake mdogo wa chuma, unaosukumwa rubani anapovuta usukani, umeelekea chini, ndivyo unavyotakiwa, na huu wa hapa mezani... nalibeba bawa akilini, nalipachika upande wa kulia wa ndege, mkono unatazama juu, nalishusha, nalipachika tena, juu, unatazama mbinguni kama jogoo anayekunywa maji, ee Bwana, la kushoto, nimetengeneza mawili ya kushoto, kosa lile lile, kuna mzee pale klabu ya uwanja wa ndege amelitundika lake, lililokosewa hivi hivi, kwenye mlango wa choo ili wenzake wajifunze, na aliyecheka kuliko wote ni nani kama si mimi, Corliss Haugen, mikono yangu naijua, haya, ijue sasa, kung'oa ribiti zote hizi, kukata bati upya, kukunja upya, na macho yake hayangoji bati, haraka haina baraka, na haraka yote nilimfanyia yeye, nataka kulia na nataka kulipiga bati teke...

"Fanyeni upesi basi," Delbert anasema, sauti imeshuka, "Verlyn apate kuiona kabla..." anakwama, maskini, hajui aimalizie wapi. "Niione ya nini," anasema Verlyn, "mimi ni mnunuzi? Picha zake nimezitazama mpaka zimenichosha. Mimi nitakaa kiti cha kulia, nimsikie huyu mwanamke akiutukana upepo."

...nimsikie, anasema, na leseni ya urubani kweli ni yangu, na kiti cha kulia kweli ni chake, na miezi yote hii sikumuuliza hata siku moja anachotaka, nilijiamulia, nikakimbizana na macho yake kama mtu anayekimbilia basi ambalo msafiri mwenyewe hana shida nalo, na yeye amenishikia chuma asubuhi na jioni bila neno, vidole vyake vinaijua kila ribiti humu, ningepiga hizi mbili asingesema kitu... nampenda, jamani, nampenda mtu huyu mkaidi... kidole bado kiko kwenye triga, Delbert anafuta theluji kwenye kofia, Verlyn anangoja na chuma chake, Jumatatu sitaagiza mabawa, nitaagiza bati jingine la mkia, na nitalitengeneza likae sawa, hilo sina wasiwasi nalo hata kidogo, nafungua mdomo nimwambie nilichofanya, atacheka mpaka samaki waishe, na kwa mara ya kwanza tangu kwa daktari sina haraka.