Viti vya Mwamvita

Nilimwinulia kidole. Kimoja tu, hiki chenye kovu la mundu, maana yake: subiri, tunasali.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, hapa Igawa, zamu yangu ya kupokea jumuiya. Viti vyangu ni viwili, na kimoja kinayumba, kwa hiyo jana yake nilikwenda kwa jirani yangu Mwamvita, muuza mchele wa barabarani, akaniazima vyake vyote sita, vya plastiki, vya bluu. Alivifuta kwanza kwa upindo wa kanga.

"Bibi Apolonia," akanitania, "msije mkavibatiza."

Tulikuwa kwenye maombi ya wagonjwa. Mzee Filemoni, mwenyekiti wetu, anataja majina, sisi tunaitikia, "Twakuomba utusikie." Mwamvita akatokea mlangoni, miguu mitupu. Moyoni nikasema, huyu kafuata viti vyake, hata hatujamaliza. Ndipo nikainua kidole. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akaondoka. Nikaanzisha wimbo, tukauimba beti zote nne. Tukanywa chai ya tangawizi kwa magimbi.

Niliporudisha viti nilimkuta mumewe, Shamsudin, sakafuni, mdomo umekwenda upande, na Mwamvita amemkumbatia kwapani akijaribu kumburuta hadi barabarani. Nikatoka mbio kuwaita wanajumuiya waliokuwa hawajafika mbali. Wakambeba.

"Mbona hukusema?" nilimuuliza baadaye, hospitalini.

"Ulinionyesha mnasali, bibi. Nikaona nisiwakatize, mnazungumza na Mungu."

Hakusema kwa kunisuta. Angenisuta ningepumua.

Daktari alisema angefikishwa mapema kidogo, labda. Mkono wa kushoto wa Shamsudin unaning'inia mpaka leo. Nimeungama mengi tangu hapo, hata sukari niliyomficha mkwe wangu. Kidole sijakitaja.

Wiki iliyopita zamu yangu ilirudi. Nilishaamua nitatandika mikeka, nisimwombe Mwamvita chochote. Kulipokucha nikafungua mlango: viti sita vimepangwa barazani kwangu, na Shamsudin ameinama, anafuta cha mwisho kwa mkono wake mmoja, taratibu, hadi miguuni.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Vitatosha?"

Vilitosha, kimoja kikabaki. Mzee Filemoni akaniuliza kwa nini nakiacha kitupu na kuketi mkekani, pale mlangoni kwenye baridi.

Nikamwambia ni magoti, yanataka kunyooshwa.