Kisioshwe

Mimi ni dobi, na sioni haya kusema kwamba mtaani kwetu hakuna anayenizidi. Shati likitoka mikononi mwangu linakuwa jeupe pepepe, ndiyo maana watu wananiita Mama Pepepe, mpaka jina langu la kuzaliwa limeota kutu. Uchafu ni adui yangu. Nimepigana nao miaka thelathini na mmoja, kwa sabuni, kwa maji ya moto, kwa ndimu na kwa matusi, na mara nyingi nimeushinda.

Nasema hivi ili mjue ni mtu wa aina gani aliyeingia kwenye darasa la watu wazima la mambo ya kale.

Wazo halikuwa langu. Lilikuwa la binti yangu, mwoka mikate, mtoto wetu wa pekee. Aliona tangazo kwenye ukuta wa shule ya msingi: kila Jumamosi asubuhi, kwa majuma kumi, jinsi ya kuchimba na kuchunguza vitu vya watu wa zamani. Akaandikisha majina mawili, lake na langu, bila kuniuliza. "Mama, umefua vya walio hai maisha yako yote," aliniambia. "Njoo sasa uone vya waliokufa." Nikamwambia hana adabu, tukacheka. Majuma mawili kabla ya darasa kuanza akashikwa na homa, na siku ya tano tulikuwa tunarudi kutoka makaburini bila yeye.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilifua nguo zake zote. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilifua magauni, shuka, foronya, soksi, hata taulo alilojifutia mara ya mwisho. Mume wangu, fundi wa cherehani, alirudi kutoka kwa mteja akakuta kamba zimejaa uani. Alisimama akaangalia, kisha akauliza neno moja tu.

"Zote?"

"Zote," nikamjibu, nikijisifu kidogo. "Pepepe."

Hakugomba. Aliingia kwenye kibanda chake cha kazi akafunga mlango. Tangu siku ile akawa ananijibu ndiyo na hapana, na chakula anakula ameiinamia sahani. Sikuelewa nimemkosea nini, na kwa vile mimi nami sina dogo, sikumuuliza. Tukaishi hivyo, watu wawili ndani ya nyumba moja, kama wapangaji.

Darasani nilikwenda ili nitoke tu kwenye kimya kile. Tulikalia viti vya watoto wa darasa la kwanza, magoti yakigusa kidevu: dereva mstaafu wa malori, muuguzi, mimi, na kando yangu kiti kitupu ambacho mwalimu hakukiondoa. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu, kucha zake zimejaa udongo. Nilitamani nimpe brashi.

Jumamosi ya nne alileta sanduku la vigae vya vyungu, vilivyopatikana watu walipokuwa wakichimba msingi wa ghala. Kila mmoja wetu akapewa kigae na kadi ya kujaza: kitu, mahali, hali yake, aliyekiona. Kigae changu kilikuwa na ukoko mweusi kwa ndani. Mwalimu akaitwa ofisini. Mimi nikauangalia ule ukoko, nao ukaniangalia. Mazoea yana taabu. Nikachukua kigae changu, nikachukua na cha dereva na cha muuguzi, maana sina choyo, nikavipeleka bombani na kile kipande cha sabuni kisichokosekana mkobani mwangu.

"Fanya kazi, Mama Pepepe!" dereva alinipigia kelele dirishani.

Mwalimu aliporudi, vilikuwa vimepangwa juani, vinang'aa. Alikichukua changu, akakigeuza, kisha akakaa kwenye kile kiti kitupu.

"Mama, ule weusi umekwenda wapi?"

"Nimeutoa. Ulikuwa umeshika kweli, lakini ukoko wa kunishinda mimi haujaungua bado."

"Kile kilikuwa chakula," alisema taratibu. "Mtu alipika, kikaungua, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita. Kilikuwa kipelekwe maabara watuambie alipika nini. Hakuna kingine kilichobaki cha mtu yule, mama. Ni huo uchafu tu."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Nikaanza kujitetea, kwamba uchafu naujua mimi kuliko yeye. Kwamba nikiona doa kwenye ukosi wa shati najua kama mwenyewe ni mpaka rangi au mpishi, kama alitoka jasho au alilia, kama mtoto alimlalia begani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kumbe kazi yetu ni moja," akasema. "Ila wewe ukishasoma, unafuta."

Hapo nikaziona zile kamba uani, na mume wangu amesimama mbele yake anauliza, "Zote?" Ndipo nikajua alichokuwa akiuliza. Nikalia pale pale, mtu mzima mimi, mbele ya dereva wa malori, nikalia kwa sauti. Wenzangu walidhani nakililia kigae.

Jumamosi iliyofuata kadi zilikuwa na mstari mpya chini, kwa herufi kubwa: KISIOSHWE.

"Umetungiwa sheria," dereva akaniambia. Hata muuguzi alicheka. Nami nilicheka, lakini kadi moja niliitia mkobani.

Juma lile nilipekua nyumba nzima. Nilitaka kitu kimoja tu ambacho sabuni yangu haikukifikia. Nilitafuta chini ya godoro, nyuma ya kabati, ndani ya mifuko. Nyumba ilikuwa safi, nami ndiye niliyeisafisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Kilibaki kibanda cha mume wangu, ambako huwa siingii kwa sababu ya mafuta ya mashine. Doa la grisi ndilo pekee ninaloliogopa, na yeye analijua hilo.

Niliingia alipokuwa kwa mteja. Kwenye kona palikuwa na cherehani bovu lisilo na mwenyewe, limefunikwa kwa kifuniko chake cha mbao. Nikakinyanyua. Juu ya mashine ilikuwa imelazwa aproni ya binti yangu ya kazini. Kwenye mapaja, pale alipokuwa akijifutia, palikuwa na mikono yake miwili ya unga uliokauka, kila kidole mahali pake.

Aliificha nisiioshe. Mume wangu wa miaka ishirini na sita alinificha mimi mtoto wangu mwenyewe, kama mtu anavyoficha kifaranga kwa mwewe. Na alikuwa na haki.

Nikatoa kadi, nikaandika. *Kitu: aproni. Mahali: chini ya kifuniko cha cherehani. Hali: ina mikono yake. Aliyekiona: mama yake.* Nikaiweka kando ya aproni, nikakaa kwenye stuli nikamsubiri.

Alipoingia na kuona kifuniko kiko chini, uso ulimbadilika. Aliikimbilia aproni kabla ya kuniangalia. Kisha akaiona kadi. Aliisoma akichezesha midomo, mpaka ule mstari wa chini wa herufi kubwa.

"Umeigusa?"

"Hapana, mzee wangu. Nimeiangalia tu."

Akaitandaza mezani, polepole. "Weka mkono," akaniambia. "Kwa juu, usiiguse."

Nikauweka mkono wangu hewani, juu ya ule wa unga. Vidole vyake vilipita vyangu kwa pingili nzima. Nilimzaa, nikamfulia miaka ishirini na mitatu, na sikujua kwamba alikuwa na mikono mirefu kuliko yangu.

"Alichukua kwako," nilisema.

"Ndiyo," akasema, akauleta wake kando ya wangu.

Tulipoikunja tena, chembe za unga zilibaki mezani. Mkono wangu ukaenda wenyewe kuzifuta. Mume wangu akaushika, na hakuuachia.