Alichoamini Mama

Ni saa nane mchana, siku ya tisa tangu tumzike mama, na ninajilaza kitandani kwake kwa sababu nimeshindwa kulikunja shuka lake. Macho yanajifumba, ukuta wa chumba unasogea taratibu kama pazia, na miguu yangu, niliyodhani imelala pamoja nami, inashukia upande wa pili, kwenye barabara nyeupe isiyo na mti wala jiwe. Kichwani nina sentensi moja, ileile ninayolala nayo na kuamka nayo: mama alikufa akiamini nimemchoka. Kila nikiisema, barabara inarefuka. Nikinyamaza, inasimama kunisubiri, nami naisema tena, maana nimeizoea kuliko jina langu. Nilimuuguza miaka miwili, tangu alipopooza upande wa kushoto. Jumanne ile alimwaga uji mara ya pili, nikamwambia, Mama, umenichosha. Akageukia ukutani. Ijumaa akafariki, mimi nikiwa kwenye cherehani sebuleni, hatua sita tu kutoka kitandani kwake.

Hivyo ndivyo ninavyomweleza mtu ninayemkuta njia panda, mrefu, amevaa kanzu ya kijivu, na mahali pa uso wake ni laini kama kiganja. Namwamkia, anaitikia vizuri, halafu ananiuliza jambo nisilolitegemea. Uliingia kwa mlango gani? Namuuliza mlango wa wapi. Wa moyo wa mama yako, anasema, maana umeona alichoamini akiwa humo peke yake. Nakasirika, namwambia nilimwona kwa macho yangu akigeukia ukutani. Na ukuta uliona nini, anauliza, kisha ananyoosha mkono kuelekea mji.

Mji ni wa vioo, nyumba kwa nyumba, na kila kioo kina mimi ndani yake. Nabisha hodi, nauliza kama kuna aliyemsikia mama akisema nimemchoka. Anayefungua ni mimi, na anayejibu ndiyo ni mimi, kwa sauti yangu hii iliyokauka kwa kulia. Nakata kona, naingia mtaa mwingine ambao ni uleule uliogeuzwa, kushoto kuwa kulia, nabisha, nauliza, najijibu ndiyo. Nazunguka mpaka nyayo zinawaka. Hakuna nyumba hata moja ambamo mtu mwingine amelisema hilo. Nasimama katikati ya mtaa na kinachonitisha sasa si kosa langu, ni kwamba nikiacha kujihukumu sitajua nimshike mama kwa kitu gani. Sijui alichoamini, nasema hatimaye, polepole. Sijui. Na barabara inaanza kufupika, inafupika, hadi inabaki na urefu wa chumba kimoja.

Mama ameketi mkekani, anachambua mchele kwa mikono yote miwili. Napiga magoti, naomba radhi. Ulinichoka kweli, Nakijwa, anasema bila kuinua kichwa, hata mimi nilikuwa nimejichoka. Anatoa chuya, anaitupa. Jumatano ukanikata kucha, ukanipuliza vidole kama mtoto mchanga. Hilo mbona huniulizi? Hilo nililisahau kabisa. Naitafuta sentensi yangu ili nijikinge nayo, lakini nikifika kwenye neno akiamini, ulimi unakwama. Inabaki nyingine, fupi, nisiyoweza kuikana: nilimwambia mama neno baya. Hiyo naichukua. Ni nzito, ila naweza kutembea nayo.

Nafumbua macho. Shangazi Eliakunda, dada yake baba, amesimama mlangoni, ananiuliza nilikuwa naongea na nani. Kwanza namkagua usoni, jicho la kwanza, jicho la pili, pua, mdomo. Kisha namuuliza kama ni kweli Jumatano ile nilimkata mama kucha. Mwanangu, anasema, mlikuwa wawili tu humu ndani, na mmoja hayupo. Basi sitajua, namwambia, na kifua hakinibani nilivyotarajia. Shangazi anavua kandambili, anakaa kitandani kando yangu, na godoro linabonyea upande wake kama linavyobonyea chini ya mtu wa kweli. Natazama upande wangu, ambao bado nimeulalia. Uko sawasawa, kama haujalaliwa na mtu.