Omu Mia Nane

Saa tisa alasiri fundi wa amplifaya alikuwa akikwangua risasi iliyoganda kwenye ncha ya chuma cha kuchomelea, mkewe alipoingia na kuketi kwenye stuli ya wateja. Alikuwa amefariki miezi saba iliyopita. Alikuja kila siku ya kazi na kuondoka saa kumi na moja, na muda wote huo midomo yake ilisema jambo ambalo halikusikika.

Binti yao, muuzaji wa duka la dawa la mtaa wa pili, alianza kuomba ruhusa mapema ili aje kuitazama midomo hiyo. Alitaka kujua kitu kimoja tu. Msibani baba alisema marehemu hakulalamika hata siku moja, alilala, hakuamka. Tangu hapo binti alijiuliza ni mama gani huyo anayeumwa asimwambie mwanawe anayeshika funguo za kabati la dawa.

"Spika za mji mzima unazitengeneza, fundi, shemeji ndiye amekushinda?" kinyozi wa jirani aliuliza kutoka mlangoni.

"Hajaharibika," fundi alijibu. "Hajalinganishwa."

Alimaanisha hivyo hivyo. Kinachotoa sauti na kinachoipokea kila kimoja kina ukinzani wake, unaopimwa kwa omu. Vikipishana mno, sauti hupotelea njiani, na hakuna chombo kibovu. Alimpima mkewe, waya mmoja kwenye kila kifundo cha mkono. Mita ilisoma omu mia nane. Spika nzuri kuliko zote dukani ilikuwa ya omu nane.

"Ndiyo maana," alisema, akaandika daftarini.

Dawa yake ni transfoma. Ukinzani ukipishana mara mia, mizunguko ya waya hupishana mara kumi, kwa hiyo alizungusha waya wa shaba mara elfu moja upande wa mke na mara mia moja upande wa spika. Alihesabu kwa mdomo siku mbili. Alipopoteza hesabu kwenye mia sita na kitu, alifumua akaanza upya. Binti alimshikia kibiringo cha waya. Hakuwahi kumwona baba akimshughulikia mama kwa makini namna hiyo.

Siku ya tatu aliunganisha. Spika ilikoroma kidogo, kisha sauti ya mama ikajaa chumba, bila mkwaruzo.

"Fundi wangu, kifua kinanibana tangu jana. Nipeleke hospitali."

Mama alirudia maneno yale yale, wala hakupandisha sauti.

Binti alimgeukia baba. "Ulituambia hakusema."

"Alisema. Nilikuwa na kazi mezani."

"Mara ngapi?"

Fundi alifikiri kwanza, kwa kuwa hakupenda kutaja idadi ya kubahatisha. "Mara tatu. Ya nne sina hakika nayo."

"Kutoka hapa hadi dukani kwangu ni dakika tano, baba."

"Nne," alisema fundi.

Binti aliketi sakafuni, akaushika mguu wa mama. Akakaa hivyo mpaka mguu ulipoondoka.

Baada ya wiki mbili wateja walizoea. Jumanne moja dijei wa kumbi alikuja kufuata amplifaya yake, akamkuta mama kwenye stuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," spika ilijibu. "Fundi wangu, kifua kinanibana tangu jana. Nipeleke hospitali."

Dijei alitazama saa yake, akatazama amplifaya iliyofunuliwa mezani.

"Mpeleke tu mama," alisema. "Mimi sina haraka."

Fundi hakuinua kichwa.

"Nimebakiza nyaya mbili."

Mkewe aliitikia kwa kichwa, akasogeza stuli kidogo asimzibie mwanga.