Maji ya Mkaguzi

Kama hujapata kuisikia nchi ya Rutundwe, usijilaumu. Ni nchi isiyopenda kutajwa ila inaposifiwa. Mfalme wake alikuwa Kiboko, aliyelala ndani ya Bwawa Kuu akitoa amri, pua ikiwa nje. Waziri wake wa maendeleo alikuwa Kakakuona, mheshimiwa mwenye magamba mazuri na tabia moja tu mbaya: akiulizwa swali hujikunja akawa mviringo, na mpaka aje kujikunjua aliyeuliza ameshakata tamaa akaenda zake. Mamba alilinda ukingo wa Bwawa, raia wasichote. Raia wengine wote waliishi vijijini, huko mbali kwenye ukavu, wakingoja visima.

Visima hivyo viliahidiwa, tena kwa tarumbeta. Mfalme alitangaza Lengo Kuu: kila kijiji na kisima chake. Kila familia ikatakiwa kutoa mawe ya kujengea, na raia wakayabeba mpaka Bwawani, wengine migongo ikachubuka. Masika yakapita, vuli nayo ikapita. Kakakuona akatoka akatangaza kwamba lengo limefikiwa kwa kiasi kikubwa. Kiasi gani, mheshimiwa? Akajikunja.

Minong'ono ikaanza, kisha ikawa si minong'ono tena. Raia wakasema wanataka kuchagua watu wao wenyewe, waende wakaone visima kwa macho yao. Kakakuona alipoupeleka ujumbe huo kwa mfalme alitetemeka mpaka magamba yakalia, lakini Kiboko hata hakupepesa.

"Wakague," alisema. "Ni haki yao kabisa. Ila wafundishwe adabu kwanza. Waende kama wageni, Waziri, si kama askari, na kila kijiji kiarifiwe mapema, kisije kikafumaniwa hakijajiandaa. Na mtu asikague kwao, tusije tukaambiwa kuna upendeleo."

Kakakuona akawaza, akawaza, halafu akaanza kucheka. Alikuwa ameelewa.

Maana watu wa Rutundwe na mgeni wao, we acha tu. Mgeni hapewi hata salamu kabla hajapewa maji. Atakunywa, atayasifu, ndipo mazungumzo yaanze. Nyumba iliyoshindwa kumpa mgeni maji imevuliwa nguo. Binti zake hawaposwi, wazee wake hawaalikwi popote. Na mgeni naye ana miiko yake, na mkubwa kuliko yote ni huu: hachungulii chombo cha mwenyeji. Anakunywa kilicholetwa, basi. Kwenda kuchungulia mtungi wa watu, sembuse kisima, ni kuwatukana mchana kweupe.

Kijiji cha Mgongoni kilimchagua Kanga. Alikuwa na macho makali na mdomo usiotulia, na siku aliyochaguliwa mama yake alizunguka nyumba kwa nyumba akijidai kana kwamba mayai yote ya nchi ameyataga yeye. Wakaguzi wakapelekwa semina huko Bwawani, semina ya adabu za ukaguzi, ikala kiangazi kizima. Walifundishwa namna ya kupokea kibuyu, namna ya kusifu, namna ya kuaga. Kuhusu visima hawakufundishwa kitu, na hakuna aliyeuliza. Walikuwa wanakula vizuri mno.

Kanga akapangiwa kijiji cha Kichakani, kwa Swala. Akapokewa kwa vigelegele. Mwenyeji wake, Mama Swala, alipiga magoti akamkabidhi kibuyu. Macho yake yalikuwa mekundu, Kanga akadhani ni moshi wa jikoni. Mbali kidogo kisima kilionekana, kimefunikwa mkeka mpya.

"Karibu mwanangu. Unywe."

Kanga akanywa. "Ah! Matamu, mama. Hongereni sana, Kichakani mmepata."

"Asante, mwanangu," alisema Mama Swala, akainamisha kichwa.

Ukaguzi ukawa umekwisha. Kanga akarudi kifua mbele, akamwambia Kakakuona kwamba Kichakani wana maji, na Kakakuona akampongeza kwa kazi iliyotukuka.

Siku chache baadaye akaenda kwao. Pundamilia, mkaguzi kutoka Tambarare, alikuwa amepangiwa Mgongoni, na Kanga hakutaka kukosa kusikia kwao kunavyosifiwa. Njiani, asubuhi hiyo, akamkuta mama yake anapanda kilima kutoka upande wa Bwawani, kibuyu kichwani, matope mpaka mbawani, anahema.

"Mama! Unatoka wapi na maji?"

"Punguza sauti, mgeni yu karibu! Shika hapa unisaidie."

"Si tuna kisima?"

"Kisima gani? Walikuja wakachimba mpaka magotini, wakatwambia tusubiri mafundi. Tumelifunika lile shimo mkeka."

"Sasa si umwonyeshe Pundamilia hilo shimo, mama? Si ndicho kilichomleta!"

Mama mtu akamkazia macho kama aliyesikia tusi. "Nimwonyeshe mgeni shimo kavu? Aende akaseme Mgongoni hata maji ya kumpa mtu hawana? Wenzetu wote wanayo. Kichakani si ulikunywa wewe mwenyewe, ukaleta habari? Leo sisi peke yetu ndio tuonekane mafukara? Thubutu!"

Kanga akakipokea kibuyu. Ndiyo, alikipokea, akakibeba mpaka nyumbani, na Pundamilia alipofika ni yeye Kanga aliyempa. Akasimama pale akimtazama mwenzake anakunywa, anapangusa mdomo, anasifu maji ya Mgongoni kwa maneno yale yale ya semina. Aibu ikampanda kuanzia kwenye kucha. Mama yake alikuwa anatabasamu, mbawa zake bado zinadondosha matope ambayo Pundamilia, kwa malezi yake mema, alijifanya hayaoni.

Hakulala kwao siku hiyo. Aligeuza moja kwa moja mpaka Kichakani, na safari hii hakungoja kukaribishwa. Akaenda akafunua ule mkeka. Shimo. Hata unyevu haukuwamo.

Mama Swala alimkuta amesimama hapo.

"Umechungulia," alisema polepole.

"Nimechungulia, mama. Nisamehe. Maji niliyokunywa siku ile yalitoka wapi?"

"Bwawani. Yatoke wapi tena?"

"Nani aliyachota?"

Mama Swala akakaa chini. "Tulikwenda wawili, mimi na binti yangu. Tulipoarifiwa kwamba mkaguzi anakuja tulijua hatuna la kumpa. Kibuyu changu kilikuwa kimeshajaa. Chake kilikuwa hakijajaa, akasogea mbele kidogo. Mamba akamkamata mguu. Nikarudi na changu."

"Siku gani?"

"Asubuhi ile ile uliyokuja. Wanawake walipiga vigelegele ili wasilie."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie vipi, hata maji hujanywa? Na ulipokwisha kunywa ukasifu, ukanipongeza. Mtu amekupongeza, ndiyo uanze kumlilia?"

Kanga alitamani kuyatapika yale maji, lakini yalikuwa yameshakuwa damu yake. Yeye ndiye aliyekuja kuwatazamia watu hali zao, na alikuja akanywa msiba wao akasema mtamu. Mama Swala hakumtazama.

"Usijilaumu peke yako," alisema. "Kibuyu nilikileta mimi."

Siku ya Baraza raia walijaa ukingoni. Kakakuona akajikunjua kwa madaha, akasafisha koo.

"Vijiji vyote vimekaguliwa na wananchi wenyewe, Mtukufu. Vyote vimesifiwa. Lengo Kuu limetimia."

"Sisi ni nani hata tuwabishie wananchi?" alisema Kiboko kwa unyenyekevu mkubwa, na mapovu yakapanda juu ya maji.

"Mimi nafuta sifa nilizotoa," Kanga alisema, akisimama.

Baraza likaguna. Kufuta sifa! Jambo hilo halikuwa na hata jina Rutundwe. Kanga aliona mama yake, katikati ya wanawake wa Mgongoni, akitikisa kichwa.

"Keti, mwanangu," mama alisema kwa sauti ya kuomba. "Nakuomba keti. Utatuvua nguo mbele za watu."

Lakini Kanga akaendelea. "Kichakani hakuna maji, Mtukufu. Na kwetu Mgongoni hakuna maji. Kisima chetu ni shimo, limefunikwa mkeka. Maji aliyokunywa mkaguzi yaliibwa humu humu Bwawani kwako, na mimi niliyabeba."

Kiboko hakukasirika. Ndivyo alivyokuwa, hasira aliwaachia wadogo.

"Maskini," alisema. "Basi tusikilize na wengine. Yupo hapa ambaye kijijini kwake kisima ni kikavu? Asimame, asiogope."

Hakusimama mtu. Walitazama chini, wote, kila mmoja akidhani jirani yake anatazama chini kwa kumwonea huruma Kanga. Mama Swala alikuwa ameuma midomo.

"Umeona?" Kiboko aliuliza kwa upole. "Nchi nzima ina maji, isipokuwa kwa mama yako. Sitaki kukuonea. Mama yako yupo? Aseme mwenyewe. Akisema kwake maji yapo, wewe umekitukana kijiji chako, na mtoto wa namna hiyo hakai Rutundwe, atatolewa leo. Akisema hayapo, vyema, tutawaletea msaada. Tutapeleka na tarumbeta, nchi nzima ijue Mgongoni wamekosa."

Mama wa Kanga alisimama. Alisimama kwa shida, kama mgonjwa. Watu wote waliomjua walikuwa pale, wale aliowapitia nyumba kwa nyumba akijidai, na wale waliotaka kuposa kwake. Akamtazama mwanawe. Akatazama maji.

"Ni kweli," alisema, na sauti haikufika mbali, ikabidi aseme tena. "Ni kweli, Mtukufu. Maji ya Pundamilia niliyachota mimi, kwa kujificha. Kwangu hakuna hata tone." Akakaa, akajifunika uso kwa bawa.

Pundamilia akakohoa. "Kwetu Tambarare pia," alisema, akitazama kwato zake. "Mke wangu ndiye aendaye kuchota."

"Na kwetu," alisema Ngiri.

"Na sisi," wakasema Nyumbu, na Digidigi, na Kwale. Hakuna aliyepaza sauti. Walisema kama watu wanaokiri wizi, wakioneana haya, na kila aliyesema alishangaa kuwa mwenzake naye alikuwa ameficha. Nchi nzima ilikuwa imekesha ikimsitiri mfalme, ikidhani inajisitiri yenyewe.

Kakakuona alikuwa ameshajikunja zamani.

Mama Swala alitembea mpaka ukingoni, mahali pale pale alipopajua yeye, mchana, mbele ya wote, akainamisha shingo akanywa. Mamba akaanza kusogea. Lakini nyuma ya Mama Swala walikuwa wamekuja Nyumbu, na nyuma ya Nyumbu Pundamilia na Ngiri, kwato kwa kwato, na Mamba alizitazama kwato hizo akakumbuka kwamba ana shughuli upande wa pili. Wakanywa. Walikuwa na kiu ya miaka. Walikunywa mpaka Bwawa likaanza kushuka, na mgongo wa Kiboko ukatokeza, kisha tumbo, kisha miguu, mifupi, minene, ambayo hakuna raia aliyewahi kuiona. Na chini ya miguu, yamepangwa vizuri kuzunguka kitanda chake, yakiuzuia mto ulioingia Bwawani usipite kwenda vijijini, yalikuwa mawe: mekundu ya Mgongoni, meupe ya Kichakani, ya kijivu ya Tambarare.

Kiboko alijaribu kujipaka tope, tope halikutosha.

"Jamani!" alisema, na upole wote ulikuwa umemtoka. "Adabu zenu ziko wapi? Mfalme yu utupu! Geukeni!"

Na hapo, lo, ndipo ilipokuwa aibu kubwa kuliko zote, maana walianza kugeuka. Nyumbu waligeuka. Pundamilia akageuka, akaomba radhi. Mama wa Kanga alikuwa bado amejifunika bawa. Kanga mwenyewe alihisi shingo yake inazunguka bila kuamriwa, kama ilivyolelewa, na akaona haya, safari hii si kwa ajili ya mfalme, bali kwa ajili ya shingo hiyo. Akaikaza. Iliuma. Kando yake Mama Swala alikuwa hajageuka. Maji yanamchuruzika kidevuni, na anatazama mawe meupe.

"Mama," Kanga akaita nyuma yake. "Geuka huku, mama. Ondoa bawa. Lile pale jiwe ulilolibeba wewe."

Taratibu, mama yake akashusha bawa, akatazama.