Chachu ya Dani Akello

Siku kibuyu cha Dani Akello, yaani Bibi Akello, kilipopasuka, maziwa yalitapakaa sakafuni na paka wa mtaa wa Nyalenda wakafanya sikukuu. Dani hakulia. Alikaa kwenye kigoda akifikiria: chachu iliyokuwa humo, ya kugandishia maziwa, alipewa na mama mkwe wake mwaka alioolewa, na kila asubuhi aliilisha maziwa mapya. Sasa ilibaki kwa mjukuu wake Lornah tu, chuoni Maseno, ambaye aliomba kikombe kimoja ajifunze kuikausha iwe unga.

Akapiga simu. "Nyakwara, mjukuu wangu, chachu yangu ingaliko?"

Lornah alijibu: "Dani, nilijaribu mara mbili ikaharibika. Imebaki ya mara moja."

Kesho yake Dani akafika Maseno. Wakamvisha koti jeupe la maabara lililomfika vifundoni, na Lornah akamweleza. Barafu ina ncha, inachoma vijidudu vya chachu. Ndiyo maana unavifunika kwa uji wa muhogo kabla ya kugandisha, halafu mtambo wa kukaushia unavuta ile barafu iende kama mvuke, bila kuyeyuka. Mara ya kwanza uji ulikuwa mzito, haukuvifikia, vikafa. Mara ya pili alitia kimea cha wimbi uwe mwepesi, akauacha mpaka asubuhi. Uliganda vizuri, lakini mtambo ulipopandisha joto kidogo tu, kila kitu kikalegea, kikaporomoka, kikashika chupa kama gundi.

"Huo uji uliuonja?"

"Dani, hapa hatuonji."

"Basi mnasoma nini? Kimea kikikaa sana kinageuza uji kuwa sukari. Na sukari ni mvivu, ikiguswa na joto inalala."

Wakapika upya, kwa sufuria safi. Uji ulipokuwa wa moto wa kuvumilika, Dani akatia kimea akakoroga, macho kwenye mwiko. Uji ulipolegea mwiko ukaanza kukimbia, akaurudisha motoni ukachemka.

"Hapo kimea kimekufa. Hakitaongeza utamu."

Uji ukapoa, wakachanganya na chachu ya mwisho, wakagandisha. Mtambo ulifanya kazi siku mbili, Lornah akipandisha joto polepole kama anayeamsha mgonjwa. Chupa zilipotoka, ndani kulikuwa na keki nyeupe, kavu, imesimama wima.

"Imesimama, Dani."

"Hata maiti hukauka. Leta maziwa."

Wakatia unga wa chupa moja kwenye maziwa vuguvugu, Dani akafunga sufuria kwa leso yake, akakataza mtu asiifungue. Kesho yake akaiinamisha. Maziwa hayakumwagika. Yalitikisika pamoja, mazito, na harufu ikapanda, ile ile ya jikoni kwa mama mkwe.

Mwalimu wa Lornah, Bwana Walubengo, alikuja na daftari. "Mama, uji uliuacha dakika ngapi?"

"Andika, mpaka mwiko ukimbie."

Lornah alicheka mpaka akashika meza. Walubengo aliandika hivyo hivyo, kisha akanyoosha kikombe. Dani akamwambia asubiri. Alijimiminia kwanza, akanywa bila haraka mpaka chini, akafuta mdomo, ndipo akammiminia.